Mwenye Laini

Maji ya udhu wa alasiri yalikuwa bado yanamchuruzika Swaumu viwikoni mwanawe alipomletea simu.

"Mama, ni wale wa kampuni ya kubeti. Wanamtaka mwenye laini."

Laini ilisajiliwa kwa kidole cha Swaumu, kule Kabuku, mwanawe alipokuwa hajapata kitambulisho cha taifa. Sasa mwanawe ameshinda laki tisa, na wiki ya tatu hii kampuni imezuia fedha hizo. Sheria, wanasema, inataka alipwe aliyecheza mwenyewe, kwa jina lake.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya binti. "Mechi hizi ulibashiri mwenyewe?"

"Marahaba, mwanangu."

Swaumu hakujua hata timu ina watu wangapi. Alitazama nyumba ya mwanawe ng'ambo ya uwanja, nusu bati, nusu turubai, na wajukuu wakianika godoro lililolowa.

"Ndiyo," akasema. "Nilibashiri mwenyewe."

Mwanawe akashusha pumzi, akaanza kumshukuru. Swaumu alimrudishia simu, akachota maji, akaanza kutawadha upya. Aliposukutua mara ya tatu hakuishia hapo. Alichota tena, akasukutua, akatema, akachota tena.