Majaribio ya Bunduki ya Taifa

Asubuhi ya majaribio mhandisi alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, ingawa jua lilikuwa la kupasua kichwa. Alikuwa amesikia kwamba gerezani kuna baridi.

Mumewe alimfunga vifungo. Maneno walikuwa wameshayamaliza. Watoto waliambiwa mama anasafiri kikazi, na yule mdogo akaagiza viatu.

Bunduki ilikuwa yake. Aliichora mwenyewe, kiwanda cha silaha kikaiunda, na redio ikaisifu katika kila taarifa ya habari: bunduki ya kwanza ya taifa, itakayobebwa na kila askari. Ilikuwa nyepesi, na kitako chake cha mbao nyekundu kiling'aa kama kabati la bibi harusi. Ila ilikuwa na aibu moja. Ikila vumbi kidogo tu, inakwama. Na katika nchi ile, kama kuna kitu hakikuwahi kuadimika, ni vumbi.

Alikuwa amemweleza waziri wa ulinzi mara chungu nzima. Waziri alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia kwamba tarehe imeshatangazwa. Akamkumbusha pia yule bwana aliyemwahidi rais matrekta, matrekta yakagoma kuwaka. Mpaka leo mkewe anampelekea sabuni.

Kwenye uwanja wa shabaha upepo ulikuwa umeamka mapema kuliko wageni. Mhandisi alilitazama vumbi likitambaa juu ya meza ya bunduki.

Rais alifika, akachukua bunduki mwenyewe. Aliishika kama mtu anayeijua kazi. Kabla ya kuingia ikulu kwa mtutu wa bunduki, alikuwa mkuu wa walinzi wa rais aliyemtangulia. Akalenga. Ikatoka risasi moja, kisha kimya. Akafyatua, akaitikisa, akafyatua tena. Alikuwa kama mtu anayehangaika na kitasa cha mlango uliokomelewa kwa ndani.

Waziri alijisogeza pembeni kidogo kidogo, mpaka mhandisi akabaki amesimama peke yake kama nguzo ya umeme.

Rais akampa bunduki nyingine mkuu wa walinzi wake, kijana mtanashati aliyependwa na askari wote. "Hebu jaribu wewe."

Hiyo haikutoa hata ile moja. Kijana akachukua ya tatu, nayo ikagoma. Akaishusha huku ameinamisha macho, kana kwamba kosa ni lake.

Rais aliuliza ni nani aliyezibuni. Mhandisi akajitokeza.

"Zote ziko hivi?"

"Zote, mheshimiwa." Jasho lilikuwa likimchuruzika ndani ya sweta. Akawafikiria wanawe, na ulimi ukatangulia mbele ya akili. "Lakini kasoro yake naijua. Nipe wiki moja tu, nitazirekebisha."

Kwa mara ya kwanza siku ile, uso wa rais ukakunjamana.

"Ole wako uziguse," alisema. Kisha akamvuta waziri karibu, akashusha sauti. "Anza na walinzi wangu. Na zile za zamani wazirudishe leo hii."