Kima Alipolala Kifudifudi

Kima ninayemsema hapa alikuwa na huruma hadi ikamponza. Kwa miezi mitatu mwanawe hakukaa chini ila mara moja. Kutwa alipitishwa mikononi mwa shangazi zake, na usingizi ukimshika alilazwa chali juu ya majani laini. Shingo yake ikabaki teketeke. Na kundi lilikuwa karibu kuhamia ng'ambo ya mto, safari ya kuruka matawi, ambamo mtoto asiyeweza kujishika huanguka.

Jirani yake Kenge, asiyejua kuuma maneno, akamwambia, "Shoga, mlaze kifudifudi akiwa macho. Hapo ndipo shingo hukaza."

"Nilijaribu siku moja. Alilia hadi nikalia na mimi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu ya tawi. Sikuweza kumtazama."

"Sasa mtoto ainue kichwa amwone nani? Shuka, ulale kama yeye."

Kima aliona aibu, maana kwao mtu mzima halali mavumbini. Hata hivyo alishuka, akalala tumbo chini, uso kwa uso na mwanawe. Huko juu shangazi wakacheka. Mtoto alilia, kisha akasikia pumzi anayoijua. Kichwa kikatetemeka, kikainuka, kikaanguka. Kikainuka tena, macho yakakutana na ya mama yake.

"Kumbe alikuwa ananitafuta," Kima akasema.

Tangu hapo walilala hivyo kila siku. Kundi lilipohama, kifua cha Kima kilikuwa bado kina vumbi, na mtoto alikuwa amekishika mwenyewe, kichwa juu.