Ubatizo wa Muzee Ntirenganya

Muzee Ntirenganya alikuwa amejificha tena kwenye migomba ili akwepe katekisimu, na mke wake mdogo, Mukashyaka, ndiye aliyemfichua. Alimshika mkono kwa heshima zote, akamleta mpaka kwenye kiti, akampa rozari, kisha akamjulisha katekista kwamba mwanafunzi wake amepatikana.

Katekista Damascène alishusha pumzi. Ulikuwa mwaka wa Mama Maria, 1954, na Padri Adalbert alikuwa amewaomba waumini wake wa Goma wasali sana, tena kwa furaha, na kila mmoja amletee Mama Maria zawadi ya mtu mmoja wa kubatizwa sikukuu ya Kupalizwa kwake Mbinguni. Watu waliingia njiani na ngoma na nyimbo, kutoka Katindo mpaka ziwani. Wajanja walileta shangazi zao waliokuwa wamekwisha kukubali siku nyingi. Damascène, ambaye kiburi kidogo kilimsumbua, alisimama mbele ya wote akamtaja muzee Ntirenganya wa Keshero, mwenye ng'ombe wengi, wake wawili na kiu ya pombe ya ndizi isiyokwisha. Kanisa zima lilicheka, na Padri naye akacheka.

Sasa heshima ya katekista ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja asiyekumbuka amri ya nne.

Ajabu ni kwamba kazi ilikwenda, na sifa zote zilikuwa za Mukashyaka. Mama huyu kijana, mzaliwa wa vilima vya Masisi, alizishika sala kwa kusikiliza tu huku akichambua maharagwe. Hakumpakulia muzee chakula kabla hajasema Salamu Maria. Pombe aliizidishia maji kidogo kidogo mpaka mwenyewe akaisusa. Aliimba nyimbo za kanisa akipiga makofi, majirani watatu wakaja kuomba nao wafundishwe. Siku moja aliuliza kama ubatizo unaweza kufutwa mtu akibadili mawazo. Alipoambiwa haufutwi kamwe, alifurahi, akaimba mpaka jioni. Mama Athanasie, mke mkubwa aliyebatizwa zamani, alisema hajawahi kuona mke mwenza mwenye roho safi namna ile.

Hapo ndipo dhamiri ilipoanza kumchoma Damascène. Sheria ya Kanisa ilikuwa haina mlango wa nyuma: mwenye wake wawili, kabla ya kubatizwa, hubaki na wa kwanza, na wa pili humwacha mbele ya watu wote. Mukashyaka alikuwa akijifukuza nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, tena akiimba. Katekista alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alinyamaza miezi yote, maana bila mama huyu muzee angerudi migombani, na kila alipopiga magoti kusali alimwonea Mungu haya.

Jumamosi moja kabla ya sikukuu, muzee alimwita pembeni. Sheria alikuwa ameelezwa, na baada ya kununa wiki nzima alikuwa ameikubali. Kesho yake angesimama kanisani na kumwacha mke mdogo. Lakini kumwambia uso kwa uso, hilo lilimshinda. Alimwomba katekista amsemee, kisha akaondoka haraka kwenda kutazama ng'ombe ambao walikuwa salama kabisa.

Mukashyaka alikuwa uani akimenya viazi vitamu. Damascène alivisifu viazi. Akasifu mvua ya juzi, akaulizia afya ya mbuzi. Mwishowe alikaa juu ya jiwe jeusi la volkeno, akayasema yote: sheria, kesho, na jinsi yeye alivyojua siku zote akamficha. Alimwomba msamaha, na machozi yakamlengalenga. Alisema kama mama anataka, ataamka alfajiri amwambie Padri kwamba zawadi yake imeshindikana, na parokia nzima imcheke mpaka ichoke.

Mukashyaka aliacha kumenya. Alitazama kama Mama Athanasie yuko karibu, akasogeza kigoda chake.

"Usimuambie Padri kitu, papa katekista," alisema taratibu. "Kwetu, muke akikimbia bwana, baba ya ule muke anarudisha ngombe zote za mahari. Bwana akimufukuza yeye mwenyewe, ngombe zinabaki. Miaka ine niko naomba Mungu anifungulie njia."

Akachukua kiazi kingine, akauliza misa ya kesho itaanza saa ngapi, asije akachelewa kufukuzwa.