Pumzi Shingoni

Watoto wa miaka hiyo walizaliwa wakipumua kwa ngozi, kama vyura. Pua walikuwa nazo, lakini za urembo tu, na kila saa walipanguswa kwa kitambaa chenye maji, maana ngozi ikikauka hewa haipiti.

Bi Mkasi alimlea mjukuu wake Shee kwa utaratibu huo, ila hakuuzoea. Mtoto akilala anatulia kama maji ya mtungi. Ukimwekea mkono puani, hupati kitu.

Siku moja, baada ya kumwogesha, mikono yake ikasahau. Ikamkanda mafuta ya nazi toka utosini hadi nyayoni, kama ilivyowakanda wanawe saba. Shee akang'aa, kisha midomo ikaanza kuwa ya zambarau. Mafuta yalikuwa yameziba ngozi. Bi Mkasi akamwita mkwewe.

"Mama, umempaka nini?" Mwatime aliuliza huku akimsugua mwanawe kwa sabuni.

"Mazoea, mwanangu. Nisamehe."

Rangi ikarudi. Jambo moja Bi Mkasi hakulisema. Kabla hajaita, alipokuwa amemweka Shee begani, kifua cha mtoto kiliinuka, na pumzi ya joto, yenye harufu ya maziwa, ikamgusa shingoni. Mara moja tu.

Kesho yake, Mwatime alipokwenda kazini, Bi Mkasi alimwogesha mtoto, akamkausha taratibu, kisha akamweka begani kama jana, akakaa naye mlangoni penye jua, chupa ya mafuta mapajani, kizibo mkononi.