Mbu wa Chumba cha Juu

"Usikune!" Nesi alimchapa fundi kofi dogo mkononi. "Nimekwambia mara ngapi?"

"Kunawasha, Mama."

"Najua kunawasha. Kaa hapo."

Fundi wa kuchomelea vyuma, jitu la miraba minne, akaketi kwenye stuli kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alikuwa mpangaji wa chumba cha juu, na kila jioni alishuka na vipele vipya vya mbu. Nesi alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini kazi hakuisahau. Aliosha vipele kwa sabuni na maji, akaweka kitambaa kilicholowa maji baridi, akakishikilia mpaka uvimbe uliponywea. Mwisho akapaka losheni ya kutuliza muwasho.

"Mwanamume mzima, unacheza na moto mchana kutwa, halafu mbu anakuliza!"

"Moto naujua, Mama."

Hakuwa mtu wa maneno. Alikunywa chai yake polepole, akaaga, akapanda ngazi.

Nyumba ikawa kimya tena. Mume wa Nesi alishatangulia mbele ya haki, watoto walikuwa mbali, na simu zao zilikuwa za "Mama hujambo, tutaongea baadaye." Siku nzima ilipita bila kumgusa mtu mwingine yeyote isipokuwa huyu fundi. Aliona aibu kulikiri hilo, lakini tangu alasiri alikuwa akitega sikio ngazini.

Na mbu wenyewe alijua wanatoka wapi. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la fundi, kulikuwa na tairi kuukuu limejaa maji ya mvua, viluwiluwi wakijipindapinda ndani. Kulimwaga ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kila alipoanika nguo aliliona, akageuza uso. Mbu wakiisha, fundi atashuka kufuata nini?

"Si uchukue tu losheni, uwe unajipaka mwenyewe?" alimwambia siku moja, akijaribu kuwa mtu mwema.

"Nitakosea, Mama."

"Kupaka losheni?"

Fundi akatazama sakafu. "Mimi nimezoea vyuma."

Kisha jioni moja kipele kimoja kikawa kimetunga usaha, na wekundu umeenea mpaka kwenye kiwiko. Nesi alikigeuzia kiwiko kwenye taa. Ni yeye aliyemwacha mtoto wa watu aliwe na mbu!

"Kesho asubuhi unakwenda zahanati, na sitaki ubishi," alisema. "Halafu, mwanangu, kuna tairi chini ya dirisha lako. Mbu wako wanazaliana humo. Nilipaswa kukwambia zamani."

Fundi hakuuliza kwa nini hakumwambia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamwaga maji, akalibeba tairi begani kwenda kulitupa.

Zahanati walimpa dawa, mkono ukapona. Mbu nao wakaisha. Jioni ya kwanza Nesi alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, akainywa yote peke yake. Jioni zilizofuata hakuchemsha kabisa. Alisikia hatua za fundi huko juu, kitanda kikilia, kisha kimya. Mara moja alifika mpaka chini ya ngazi, akarudi. Angesema anataka nini? Akakaa jikoni akalia, huku akijiita mjinga.

Wiki haikuisha, mlango ukagongwa.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, uso ameutazamisha pembeni.

"Nimeumwa tena, Mama."

"Umeumwa na nini? Si mbu wameisha?"

"Sikumwona. Mdudu tu."

Nesi alimvuta karibu na taa, akavaa miwani, akainama. Hakikuwa kipele. Zilikuwa alama za meno, safu ya juu na safu ya chini, za mtu mzima mwenye taya pana.

Alimtupia fundi jicho usoni. Kisha akamsogezea stuli, akaenda kuchukua sabuni.

"Huyu mdudu ni mbaya sana," alisema. "Itabidi nikuangalie kila jioni."