Uzi Ndani ya Kibomba

Helikopta ndogo ya rimoti ya mzee iliinuka usawa wa goti, ikakohoa, ikazimika. Mara ya nne asubuhi hiyo.

"Kitendawili," mkewe alisema kutoka barazani, sweta analofuma likiwa mapajani.

"Tega."

"Mwanangu huamka mzima, akisimama huzirai."

"Si huyu hapa? Sababu ndiyo siijui."

"Basi hujategua, baba watoto."

Mzee alikuwa ameshabadilisha plagi na kurekebisha kabureta. Moshi ulitoka mwembamba, maana yake injini ina kiu. Akachomoa kibomba cha mafuta, akapuliza. Pumzi ilipita kwa shida.

Akaingiza sindano, akavuta taratibu. Kikatoka kipande cha uzi wa buluu kilicholowa mafuta.

Akatazama sweta. Buluu ile ile.

Kovu la chini ya sikio likamwasha. Mwezi uliopita panga la helikopta lilimpitia hapo, mkewe akamsihi aache mchezo huu. Hakuacha.

Vijiti vya kufumia vilikuwa vimenyamaza.

"Umekitegua?"

Mzee akausukuma uzi ndani tena kwa ncha ya sindano, akarudisha kibomba mahali pake.

"Kimenishinda, mama watoto. Nakupa mji."