Mwandiko wa Mwalimu

Mfamasia aliisogeza karatasi karibu na miwani, kisha akaisogeza mbali. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri yeye.

Mwalimu, kama madaktari wote mle ndani walivyomwita, alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kutibu na kufundisha. Mafua yalimnyang'anya sauti jana yake, basi hotuba akaiandika. Wanafunzi wake, sasa mabingwa wenye vitambi, walipokezana karatasi wakaishia kucheka.

"Hapa sisimizi wamepita na wino miguuni!" alisema daktari wa macho.

"Mpeni mfamasia wetu," mganga mkuu akaamua. "Dunia nzima, anayeusoma mwandiko wa Mwalimu ni yeye peke yake."

Makofi yakapasuka, na mfamasia akaanza kutokwa jasho. Sifa ile ilikuwa ya uongo. Hakuwahi kuusoma hata mstari mmoja.

Miaka yote, cheti cha dawa kikimshinda kusoma, alimwambia mgonjwa, "Hebu rudi kwa daktari, kuna kitu anataka kuhakikisha." Mgonjwa alirudi, Mwalimu akamketisha na kumpima upya, ulimi hadi unyayo, kisha akaja mwenyewe kwenye dirisha la dawa kutaja dawa kwa mdomo. Hata siku moja hakufoka, "Kwani sikuandika?" Mfamasia aliona aibu kumrudishia kazi mzee wa watu, lakini kusema ukweli alishindwa.

Na sasa Mwalimu walikuwa wanamsifia kitu hicho hicho! Daktari wa upasuaji alikuwa ametoka kusimulia jinsi upimaji wa pili ulivyogundua mapacha kwa mama aliyekuja kulalamikia gesi. "Mpime mgonjwa mara mbili!" alipaza sauti. "Nani alitufundisha?"

"Mwalimu!" ukumbi ukaitikia, watu wakigonga meza.

Hakuna jinsi. Mfamasia akaamua kubuni.

"Wapendwa wanafunzi wangu," akasoma. Mwalimu, kwenye kiti cha mbele, akaitikia kwa kichwa. "Nawakumbuka wote." Akaitikia tena, akitabasamu. Mfamasia akapata moyo. "Namkumbuka huyu wa macho, aliyezimia siku ya kwanza ya sindano."

"Uongo!" daktari wa macho akaruka. "Ilikuwa siku ya tatu!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu mwenyewe alikuwa anajipangusa machozi, akimtazama mfamasia kwa upendo mtupu. Upendo ule ndio uliomshinda. Angemdanganyaje mtu huyu mpaka siku ya mwisho?

Akaishusha karatasi. "Mwalimu, nisamehe. Mwandiko wako sijawahi kuusoma. Wale wagonjwa wote nilikuwa nakurudishia kwa sababu hiyo tu."

Mwalimu akainuka polepole, akapokea karatasi, akaikazia macho, akaigeuza juu chini, akaikazia tena. Kisha akaivuta maiki na kunong'ona kwa sauti iliyokwaruza:

"Kumbe hata wewe, dada yangu? Mwandiko huu umenishinda hata mimi tangu shule. Unadhani nilikuwa nawapima upya kwa nini?"